Maji Baridi ya Mwenye Kisima

Ukitaka kumuudhi jirani yangu wa Shella, pale Malindi, hukuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha kumwambia ahsante. Umeteka maji kwenye kisima chake, umejitwika ndoo yako, unageuka kumshukuru, naye anakukunjia uso: "Wanishukuru mimi, kwani ndimi niliyeyaumba? Enda zako, watoto wakungoja!" Wageni walitoka uani kwake wakinong'ona kwamba bibi yule ana roho mbaya. Sisi majirani tulicheka. Tulijua kuwa kisima kile hakukihesabu chake. Alikichimbisha kwa ajili ya mamake, aliyemfia mikononi baada ya kuugua sana, kiwe sadaka jaria, yaani sadaka isiyokatika: kila anywaye, awe nani, thawabu inamfikia marehemu huko aliko. Kumshukuru yeye kulikuwa ni kumdokolea mamake thawabu.

Watu walimwita Mwenye Kisima, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua sana, lakini siliweki hapa. Nina hasira na mambo nitakayoyasimulia, na sitaki jina la mtu mwema likae karibu nayo.

Mimi nilifika Shella mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimeolewa kutoka Takaungu, na mlango wangu wa nyuma ulitazamana na mlango wake wa uani. Siku ya kwanza nilikwenda kuteka na ndoo yangu mpya ya bati, nikaifunga kamba, nikaitumbukiza. Alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. "Toa! Itoe upesi! Kwenu Takaungu mwatiana vidole midomoni?" Ndivyo nilivyolijua sharti lake la kwanza. Ndoo ya mtu haiingii kisimani. Kisima kilikuwa na ndoo yake moja, ya mpira wa gurudumu, na kamba yake moja ya makumbi. Kwa hiyo utateka, na kwenye ndoo yako utamimina. Uchafu wa nyumba moja, akisema, usije ukawa ugonjwa wa mtaa.

Sharti la pili lilituudhi zaidi. Kuanzia adhuhuri mpaka alasiri kisima kilifunikwa kwa mfuniko wa mbao, na hata ungekuja na machozi asingefunua. "Nacho kipumue," alisema. "Nyinyi mwalala mchana, chenyewe kina dhambi gani?" Tulinung'unika, lakini tulijua ana haki. Chini ya ardhi ya Malindi maji baridi yamekaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichota taratibu, unapata mafuta. Ukitia upawa ukakoroga, una mchuzi mtupu. Ndiyo maana visima vya zamani havikuchimbwa virefu sana, wala havikutekwa kutwa nzima. Halikuwa jambo la siri hilo. Kila mwenyeji alilijua, na asiyelijua angeuliza akaambiwa bure.

Nimesema maji baridi, na afadhali nilifafanue neno hili mapema. Sisi wa pwani tukisema maji baridi tuna maana ya maji yasiyo na chumvi, yawe yamepoa au yametoka mekoni sasa hivi. Neno hilo dogo lilikuja kututia hasara.

Mwenye Kisima alikuwa mrefu, mwembamba, tambuu haimtoki shavuni, na ulimi wake haukubakisha mtu. Wanawake wa Kigiriama walioshuka na makuti na nyanya aliwaambia wana kelele za kasuku. Mafundi wa bara waliokuja kujenga alisema Kiswahili wanakivunja kama kuni. Hata watu wake mwenyewe, waliotoka visiwa vya kaskazini, hakuwaonea haya: "Sisi twapenda makuu, ndiyo maana hatuna kitu." Lakini wote hao, baada ya kutukanwa, walikunywa. Nilimwona siku moja fundi mmoja aliyekuja ananuka tembo la mnazi, macho mekundu, anayumba. Nikangoja kusikia atakavyofukuzwa. Mwenye Kisima alimpa maji kwa kata yake mwenyewe, akamwacha anywe mpaka akate kiu, ndipo akaanza kumsema kwa ule ulevi, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Fundi alimsikiliza kwa adabu, kisha akaomba kata ya pili. Akampa. "Mtu hanyimwi maji," aliniambia baadaye. "Hata jogoo wa wizi hunyweshwa kwanza."

Sitaki kumfanya malaika, maana angenicheka. Bibi huyo huyo aliyempigia kelele mwanangu kwa kumwaga kikombe kimoja, kila jioni alimimina ndoo nzima kwenye mwasumini wake, apate maua ya kutia kwenye shungi, na ujane wake na umri wake. Nikimtania alisema mwasumini nao una roho. Na siku moja tulizungumza juu ya malori yaliyokuwa yakitoka upande wa Mida yamejaa mikoko, naye akawalaani wakataji mpaka vizazi vyao. Mimi nikainua macho nikaitazama dari yake. Boriti zote ni za mikoko.

"Na hizi, Bi Mkubwa, ziliota humu humu ndani?"

Alininunia. Hakunisalimu mpaka Ijumaa, ndipo akaja na sahani ya mkate wa sinia, akakaa, akaendelea kana kwamba tumeachana sasa hivi. "Hizo alikata babu yangu. Na babu yangu alikata mwana akaacha mama. Hawa wakata mama na mwana, halafu wauliza samaki wameenda wapi."

Kisha ikaja hoteli.

Sitaitaja, na wala haina haja, kwa kuwa zilikuja nyingi na zote zilikuwa na tabia moja. Hii yetu ilijengwa baina ya mtaa na bahari. Walikata miti, wakachimba mawe ya matumbawe ya kujengea, wakasawazisha michanga ambayo upepo wenyewe uliijaza pale ili itukinge. Baada ya hapo wakapanda nyasi. Nyasi, jamani! Nyasi zisizoliwa na mbuzi wala ng'ombe, zisizoezeka paa, kazi yake kutazamwa. Na zilimwagiwa maji asubuhi, na jioni, na mchana wa jua kali, saa zile zile ambazo sisi tulikuwa tumekifunika kisima chetu ili kipumue. Wakachimba shimo refu, wakatia mashine, ikawa inavuma mchana kutwa. Na wakajenga bwawa la kuogelea hapo hapo ufukweni. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza jambo hili: mtu atoke kwao Ulaya kwa ndege, aifuate bahari yetu, kisha achimbiwe karai kando ya bahari hiyo ili aogee humo maji yetu ya kunywa.

Chumvi haikuja kwa kishindo. Ilianza kwenye chai. Maziwa yakawa yanakatika, nami nikamgombeza muuza maziwa, maskini ya Mungu, akala kiapo mbele ya mlango wangu. Kisha mbaazi. Nilizichemsha asubuhi nzima, zikabaki ngumu kama kokoto. Sabuni ikakataa kutoa povu. Siku moja Mwenye Kisima aliniita kwa ishara ya mkono, akanipa kata.

"Onja."

Nikaonja. "Munyu," nikasema, maana ndivyo yeye alivyoiita chumvi, na ndivyo waiitavyo Wagiriama pia.

"Shh! Usiseme kwa sauti."

Alisema hivyo kama mtu mwenye mgonjwa wa kufichwa ndani. Siku zilizofuata aliwarudisha watu mlangoni akidai kisima kinasafishwa. Nilimkuta ameketi ukingoni peke yake, tambuu hana, rangi imemtoka. Alifunga sunna mfululizo. Nikamuuliza ana nini, na aliyonijibu ndiyo yaliyoniondoa usingizi.

"Yamkini sadaka yangu haikukubaliwa. Yamkini kuna mtu nilimnyima nami sijui. Mamangu amekatikiwa, mwanangu, na sababu ni mimi."

Hili ndilo nisilolisamehe. Walichukua maji yake, sawa, wezi wako kila mahali duniani. Lakini walimfanya mwanamke wa dini, ambaye hakupata kumfungia mtu mlango, aanze kutafuta dhambi zake mwenyewe kwa kosa la mashine ya watu. Alikaa na mawazo hayo wiki nyingi, wakati nyuma ya ukuta wanamwagilia nyasi.

Aliyemtoa kwenye mawazo hayo ni mwanawe, Athmani, na alimtoa kwenye moto akamtia kwenye makaa. Athmani alikuwa na kazi pale pale hotelini. Tulijua hivyo, ila hatukujua kazi gani. Jioni moja, mimi nikiwapo, alipomwona mamake anakataa tena kufuturu vizuri, alishindwa.

"Mama, si dhambi zako. Ni mashine. Yavuta maji ya hapa. Mimi ndiye niendeshaye."

Mwenye Kisima aliweka bakuli chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Basi izime."

"Nikiizima mimi, mama, atawasha mwingine, nami nitakuwa nimekaa kibarazani nakutazama."

Maneno hayo nimeyasikia pwani hii yote. Dereva wa lori la mikoko ameniambia hayo. Mchonga matumbawe ameniambia hayo. Wauza kombe, waliobomoa mwamba wa bahari ili watalii wapate pambo la kuweka kabatini, nao wameniambia hayo. Mimi nikiacha, mwenzangu atafanya. Kila mmoja ana mwenzake wa kumsingizia, na huyo mwenzake naye anamsingizia yeye, na katikati yao nchi inakwisha. Sikumlaumu Athmani peke yake. Alikuwa na mke na watoto, na kazi nyingine haikuwapo. Mamake alikula mshahara ule, akaulaani, kesho yake akaula tena. Alimkataza jambo moja tu: asimletee nyumbani vile vipande vya sabuni za wageni vilivyobaki bafuni. Hata hivyo sabuni ya namna yoyote isingetoa povu kwa maji yale.

Likaitishwa baraza, na afisa wa maji akaja. Alikuwa mtu wa bara, hajakaa sana pwani, shati jeupe limemlowa mgongoni. Alifungua kwa kutukumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, tuwapende watalii maana wao ndio riziki yetu. Mwenye Kisima akasimama, buibui lake jipya, sauti haitetemeki.

"Bwana, mimi nina kisima. Mtaa huu wote wanywa hapo. Tangu hawa wa hoteli kutia mashine yao, kisima changu hakina maji baridi."

Afisa akatabasamu kwa huruma. "Pole sana mama. Lakini hiyo ni hali ya hewa tu. Hata mimi tangu nihamishiwe hapa sijakunywa maji baridi. Kisima hakiwezi kuwa friji, mama."

Kicheko kilipasuka. Watu wa bara walicheka kwa kudhani bibi amelalamikia joto la Malindi. Sisi wenyeji tulimcheka afisa. Mwenye Kisima, aliyesimama katikati, aliona anachekwa yeye na pande zote mbili. Alifungua mdomo kusema tena, asisikike. Afisa akainua mikono. "Jamani, msicheke mzee. Ni haki yake. Hoteli ni majirani zenu. Nitaongea na meneja mwenyewe, na mama atapata maji baridi. Hiyo ni ahadi." Basi tukampigia makofi! Tulidhani hatimaye ameelewa. Tulirudi nyumbani tukimsifu, hebu fikiria, tukasema si watu wote wa serikali ni wabaya.

Haukupita muda, gari la hoteli likasimama mlangoni kwa Mwenye Kisima. Dereva akateremsha kitu kizito kilichofungwa gunia, kinachuruzika. Akakifungua uani. Bonge la barafu.

"Meneja anakusalimu, mama. Anasema kila Ijumaa utaletewa."

Nilitazama mikono ya jirani yangu, nikijua sasa mtu atapigwa na barafu. Alimwacha dereva aende, akaleta sinia ile kubwa ya pilau, tukalisukuma bonge ndani yake, akaketi mbele yake juani. Likaanza kuyeyuka. Alichovya kidole, akaonja. Akachovya tena.

"Njoo wewe. Onja."

Nikaonja. Yalikuwa maji baridi kabisa, matamu, ladha yake naijua, ndiyo ile ya chai yangu ya miaka yote.

"Ni maji yangu haya," alisema. Kisha, polepole: "Mamangu wamemgandisha."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka tambuu ikamwanguka, nami nikacheka naye kwa kuwa sikujua la kufanya, na ghafla nikaona kwamba mwenzangu hacheki tena, analia, na machozi yanaingia kwenye sinia. Alipotulia alifunika uso kwa upande wa kanga, akaniambia nichukue maji yale nikawapikie watoto chai. Nilipika. Ilikuwa chai nzuri.

Ijumaa iliyofuata gari lilipokuja alilingojea barazani na gunia lao mkononi, amelifua na kulikausha. "Mrudishie meneja. Mwambie sikuomba barafu. Naomba azime." Sijui kama salamu zilifika. Barafu haikuja tena, ila tulisikia kwamba meneja amesema watu wa huku hawana shukrani.

Mwaka mmoja tulikwenda pamoja Marereni, kaskazini, kwenye hitima ya binamu yake. Alikuwa hajafika huko tangu ujana wake. Alikumbuka njia yenye mikoko mpaka kando, na kaa wekundu wanaokimbilia mashimoni. Tulikuta viwanja vya chumvi, vyeupe, vimepangwa mpaka macho yanachoka, na mashina ya mikoko yamesimama makavu pembeni. Bahari ilikuwa imevutwa kwa mashine, imeachwa ikauke juu ya ardhi. Wanaume waliosukuma chumvi kwa matoroli walikuwa na miguu iliyopasuka visigino mpaka nyama. Mwenyeji wetu, mke wa marehemu, alitupa maji ya kunawa, akatuomba radhi kwa ladha yake. Kisima chao nacho kilikuwa kimekwisha.

"Kwetu chumvi iliingia kwa mlango wa nyuma," Mwenye Kisima alimwambia. "Nyinyi mmeitandikia jamvi."

"Si sisi, dada. Waliotandika wakaa mbali."

"Na waume zenu je, wasukumao?"

"Wataka wale nini?"

Njiani kurudi, tulipovuka daraja la Sabaki, Mwenye Kisima alinionyesha mto. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanakwenda kuichafua bahari ya Malindi. "Mashamba ya watu hayo," alisema. "Huko juu wamekata miti, mchanga wao waja kuzikwa kwetu." Nilidhani atakasirika kama kawaida yake. Alikuwa amechoka tu, akaegemeza kichwa dirishani, na hilo lilinitisha kuliko matusi yake yote.

Mtaani wakaanza kumwita Mwenye Munyu. Waswahili hatuna dogo, hata msiba tunautia jina. Wanawake wakahamia visima vya mbali, kisha navyo vikaharibika, wakahama tena. Mwasumini ulikauka. Lakini kila alfajiri baada ya swala nilimsikia anafagia pale kisimani, anafunua mfuniko, na adhuhuri anaufunika. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, kuku wenyewe hawanywi hapo, unakifunikia nini?" Akanijibu kwamba mgonjwa hasusiwi kwa kuwa hajapona.

Mume wangu alipata kazi ya uashi Kikambala, tukahama. Alikwenda kujenga hoteli nyingine, nakiri, na mimi nililala katika nyumba iliyolipiwa na hoteli hiyo. Huko nako mambo yalikuwa yale yale, nyasi na mashine na bwawa. Nilirudi Shella mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, kumwangalia mama mkwe, na asubuhi nikapewa ndoo, nikaambiwa nifuate wenzangu.

Wenzangu walikuwa kwenye foleni chini ya ukuta wa hoteli. Ukuta ulikuwa umetobolewa, bomba limechomoza, na juu yake pana bango lililopakwa rangi vizuri: maji haya ni zawadi ya hoteli kwa majirani. Askari wa lango, mtu mzima wa bara mwenye sare iliyopauka, ndiye aliyefungua na kufunga. Ndoo moja kila nyumba. Nikatazama mbele nikamwona Mwenye Kisima. Amejikunja mgongo, ameshika ndoo ya plastiki, anangoja zamu. Yule aliyenywesha mtaa mzima anangoja zamu! Damu ilinipanda kichwani, nikatoka kwenye foleni nikamwendea.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kikambala maji yapo?"

"Ya lori."

"Nanyi pia," alisema, akatikisa kichwa.

Nilitaka nimwambie arudi nyumbani, mimi nitamtekea, asimame mwingine hapa lakini si yeye. Alinikatiza kwa mkono. Zamu yake ilikuwa imefika. Askari alifungua, maji yakaingia kwenye ndoo, na yalipojaa Mwenye Kisima hakuinama kuichukua. Aliwageukia watu. Miaka yote niliyomjua hakupata kumwomba mtu dua, maana aliona sadaka ikitangazwa hupungua. Asubuhi ile alipaza sauti mpaka mwisho wa foleni.

"Jamani, sikilizeni. Maji haya mnayokunywa ni ya mamangu. Kila anywaye na amwombee Mola amrehemu."

Mwanamke mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni, aliuliza bila ubaya: "Kumbe hoteli ni ya mama yako?"

Watu wakacheka. Mwenye Kisima hakucheka.

"Maji ni yake. Hoteli watajijua wenyewe."

"Na bango je?" akauliza askari, kwa upole, kama anayetaka kujua kweli.

"Waandike watakalo, mwanangu. Malaika hawasomi bango."

Askari alivua kofia yake. "Basi Mungu amrehemu mama yako," akasema, na foleni yote, Waislamu na wasio Waislamu, wakaitikia amin. Niliona uso wa jirani yangu ukilegea, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mashine ile ianze kuvuma.

Hapo hapo mtu akapiga mluzi ndani ya ukuta. Askari akavaa kofia, akalifunga bomba.

"Basi kwa leo, kina mama. Wanajaza bwawa."

Nyuma ya Mwenye Kisima walibaki wanawake wengi wenye ndoo tupu, na yule wa mtoto mgongoni alikuwa wa kwanza. Kelele zikaanza, mimi mwenyewe nikiwa nazo. Nilimwita askari majina ambayo hakustahili, kwa kuwa waliostahili hawakuwa wakionekana. Mwenye Kisima hakugombana na mtu. Aliivuta ndoo ya mwanamke yule akamimina ya kwake ndani, akamsogelea wa pili, akammiminia, na wa tatu, kidogo kidogo, anakadiria kwa jicho, mpaka ndani ya ndoo yake yakabaki ya kufunika kitako. Wa mwisho alifungua mdomo amshukuru.

Yeye alikuwa amekwishageuka anakwenda zake, ndoo inamning'inia mkononi bila uzito. Nyuma ya ukuta mtu akajitupa bwawani, chubwi, na mwingine akamfuata.